Nilijivua Ubaba kwa Hoja Zangu Mwenyewe

Kosa ni langu, ndugu wasomaji. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa!

Jina langu sitalitaja. Nikisema tu kwamba mimi ndiye Mgogo wa kwanza wa upande wetu kwenda shule ya serikali kule pwani na kurudi na cheti, nusu ya Dodoma itanitambua, na nusu nyingine itacheka. Cheti changu kina muhuri wa tai wa Wajerumani. Sikusomeshwa na mjomba wala mtemi. Nilitoka kwetu kwa miguu, nimebeba mizigo ya watu kichwani. Nikarudi kwa gari la moshi, nimekaa. Leo mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni. Huko si kujisifu, ni maelezo.

Mke wangu nitamwita Mama Nyemo, kwa jina la binti yetu. Kwao ni Ihumwa. Nilipomposa tulipatana mahari ya ng'ombe kumi. Nilipeleka wanne, nikamwambia baba mkwe waliobaki watafuata. Mzee akakubali. Nani asingemwamini mtu mwenye cheti? Nyemo akazaliwa, akaota meno, akaanza kuyang'oa, na wale ng'ombe bado wanafuata!

Ah, Nyemo! Jioni alikuwa akinisubiri mlangoni, ameweka mikono nyuma kama ninavyosimama mimi, akiniuliza, "Bwana Karani, gari limelala?" Nami namjibu, "Limelala, Bibi Karani, limejifunika moshi." Basi anacheka mpaka anakaa chini. Kazini nilikuwa nakaza uso siku nzima nikijua kwamba jioni nitaulizwa swali hilo.

Siku moja baba mkwe alikuja kututembelea na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alinikuta nasoma gazeti. Nikamwambia angoje nje kwanza. Bomani watu hungojeshwa, na waliomo bomani wanaheshimiwa. Nami nilitaka heshima hiyo hiyo. Nikasoma. Gazeti lilikuwa refu. Mama Nyemo alipotoka jikoni alimkuta baba yake ameketi juani, anakunywa yale maziwa aliyotuletea sisi.

"Umemweka baba yangu juani kama mzigo usio na mwenyewe," akaniambia, na tayari amemshika Nyemo mkono.

"Ukivuka mlango huo, usirudi!" nikapaza sauti.

Akavuka. Mdomo huu, jamani, mdomo huu!

Baada ya miezi kadhaa nikaitwa barazani. Mama Nyemo alikuwa amepeleka shauri: anataka talaka, anataka matumizi ya miezi yote aliyokaa kwa baba yake, na anataka Nyemo akae naye. Rafiki zangu wa stesheni wakanishauri nipeleke mtama na nguo, niombe radhi, yaishe. Mimi? Niliyefundishwa kupanga hoja na mwalimu Mdachi? Niombe radhi?

Akida wetu, mwamuzi aliyewekwa na serikali, ni Mwislamu wa pwani, mtu mpole asiyekatiza mtu maneno. Pembeni yake walikuwa wamekaa wazee wawili wa Kigogo, ili mila isimpite. Upande wa pili alikuwa Mama Nyemo, baba yake, na shangazi yake mmoja mwenye sauti ya kuitia mbuzi mlima wa pili.

Nikaanza na hoja ya kwanza: mke aliyetoroka hana haki ya matumizi.

"Sikutoroka," Mama Nyemo akasema. "Nilifukuzwa. Stesheni nzima ilimsikia. Ana sauti nzuri."

Watu wakacheka. Akida akaniambia kwamba kwa jinsi anavyoijua sheria ya dini yake, aliyefukuzwa hulipwa. Hapo nikaona jambo linaniponyoka. Nikafikiri upesi, kama tulivyofundishwa. Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa Akida, hayo ni ya dini yako. Mimi ni Mgogo, nihukumiwe Kigogo. Baba mkwe, nakuuliza mbele ya watu: tulipatana ng'ombe kumi. Je, wamekamilika?"

"Hawajakamilika," mzee akajibu.

"Basi kama mahari haikukamilika, na ndoa haikukamilika. Na kama hakuna ndoa, huyu si mke wangu. Na kama si mke wangu, matumizi ya nini?"

Nikajua nimewapiga. Shangazi akainama mbele, mkono sikioni.

"Hebu rudia, mwanangu. Sisi wengine masikio yamezeeka."

Nikarudia. Akaniomba niseme tena, kwa ajili ya waliosimama nyuma. Nikasema tena, tena kwa madaha, huku nimenyoosha kidole. Upande wao wote walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Hata Mama Nyemo! Nami nikadhani wamezidiwa na elimu.

Akida akashauriana na wazee, kisha akasema, "Pande zote zimekubaliana. Hakuna ndoa, kwa hiyo hakuna talaka. Bwana Karani hadaiwi matumizi yoyote."

Nikapeana mikono na watu nisiowajua. Wallahi nilitamani mwalimu wangu angekuwepo! Kisha nikamgeukia binti yangu, aliyekuwa amekaa miguuni pa mama yake.

"Nyemo, njoo twende nyumbani."

Mzee mmoja wa baraza akauliza taratibu, "Unamwita nani?"

"Binti yangu."

"Kwa ng'ombe gani?"

Ndugu wasomaji, nikakumbuka! Kwetu aliyetoa mahari ndiye mwenye mtoto. Kama mahari haikukamilika, mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu nikichunga ndama! Kila mtu pale alikuwa analijua, na wote walikuwa wamekaa wakinisubiri nifike.

Nikarukia kwa Akida. "Mheshimiwa, dini yako si inampa baba mtoto akishakua?"

"Muda mfupi uliopita dini yangu ilikuwa haikuhusu," akasema, bila hata kukasirika. "Na hayo ni ya mtoto wa ndoa. Ndoa iko wapi? Umeizika hapa hapa, ukaikanyagia udongo mara tatu."

"Basi nirudishiwe ng'ombe wangu wanne!"

"Hao ni faini," mzee wa pili akadakia. "Umemzalisha binti wa watu bila kumwoa, na umekiri mwenyewe."

Shangazi alicheka mpaka akajishika kiuno. Mimi sikumsikia. Nilikuwa namtazama Nyemo. Walipoanza kuondoka aligeuka, akaniuliza, "Bwana Karani, huji?"

Shangazi akamjibu kwa niaba yangu. "Ana kazi nyingi, mama. Twende."

Nilirudi nyumbani mshindi. Sikulipa hata upande wa kaniki! Nikafika mlangoni, hakuna wa kuniuliza gari limelala au limekesha. Nikajiuliza mwenyewe kwa sauti, nikaona aibu. Nikanunua shanga na kitambaa chekundu, nikampa mtu ampelekee Nyemo. Vikarudi na ujumbe: hawapokei vitu vya mtu wasiyemjua.

Nilivumilia nilivyoweza, halafu nikaenda Ihumwa mwenyewe. Baba mkwe alikuwa anatengeneza lango la zizi.

"Mbukwa, baba mkwe."

"Mbukwa, mgeni. Mkwe gani tena? Binti yangu hajaolewa, baraza ndilo lililoniambia."

"Nimekuja kukamilisha mahari."

"Ya nani?"

Shangazi akatokeza kutoka ndani kama aliyeitwa. "Anaposa! Jamani, huyu anaposa! Mwiteni binti amwone, huenda akampenda!"

Mama Nyemo akaja na jembe begani. Akanitazama toka viatu mpaka kofia, kama mtu anayepimiwa kitambaa na hajui kama anakitaka.

"Huyu ana nini?"

"Ana cheti," shangazi akasema.

"Anakikamua?"

Damu ikanipanda kichwani! Lakini nyuma yake nikasikia Nyemo akikohoa, kikohozi cha kifuani, na hasira ikaniisha yote. Nikavua kofia. Nikamwambia baba mkwe kwamba siku ile ya gazeti nilikosa adabu. Nikamwambia Mama Nyemo kwamba mlango ule ningeung'oa mwenyewe kama angerudi.

Akatua jembe chini. Kisha akasema, "Mimi sikufedheheshwa hapa. Nilifedheheshwa barazani, ulipowaambia watu kwamba mimi si mke wa mtu. Nenda ukayakane maneno yako pale pale. Kwa sauti ile ile."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya Akida yule yule, nikazivunja hoja zangu moja moja. Ilikuwa kazi ngumu, maana zilikuwa hoja nzuri!

"Kwa hiyo ni mke wako," Akida akasema.

"Ni mke wangu!"

"Rudia, Bwana Karani," Mama Nyemo akasema toka upande wake, macho chini, midomo inamcheza. "Waliosimama nyuma hawakusikia."

"Ni mke wangu! Tangu siku niliyompeleka kwangu mpaka leo!"

"Hata miezi ile aliyokaa kwa baba yake?" Akida akauliza.

"Hata miezi ile!"

"Vizuri sana. Basi matumizi ya miezi hiyo yako wapi?"

Nikakubali kulipa, mimi na cheti changu! Na wale wazee wakaongeza kwamba faini ikishakuwa faini haigeuki mahari. Ng'ombe wangu wahesabiwe kuanzia mmoja. Nyemo atakaa kwa babu yake mpaka wa kumi aingie zizini. Mama yake naye ameamua kungoja huko huko, anasema hana haraka.

Sasa saa yangu ya mnyororo imekuwa ndama. Koti la vifungo limekuwa mbuzi, na mbuzi nimewabadilisha kwa ndama mwingine. Jumapili wenzangu wanapumzika, mimi niko njiani na kamba mkononi, viatu begani, nasukuma mnyama asiyejua kwamba mimi ni msomi.

Wewe unayesoma haya, kama una shauri barazani, nisikilize! Ukiona upande wa pili unakubali kila unalosema, na shangazi wa mkeo anakuomba urudie, funga mdomo! Keti! Kaombe radhi siku hiyo hiyo. Na kama unadaiwa mahari, maliza upesi, mtoto wako akiwa bado hajui kuhesabu.

Wangu anajua. Juzi nilipofika na mtamba, watoto wa jirani walimwuliza huyu mtu wa ng'ombe ni nani. Akawajibu bila kusita, "Huyu atakuwa baba yangu. Amebakiza watatu."