Ulimi Safi

Mama ndiye aliyenifundisha kuonja, na alinifundisha ili nijue cha kumwaga. Alikuwa shemasi katika kanisa letu la Sabato kule Gesima, na kila robo mwaka, Meza ya Bwana ilipokaribia, yeye ndiye aliyetengeneza divai. Jina lisikudanganye. Divai yetu ilikuwa zabibu kavu kutoka madukani Kisii mjini, zikachemshwa, zikakamuliwa kwa kitambaa cheupe, maji yake yakachujwa mara mbili. Alikuwa akinipa kijiko kimoja na kunitazama usoni. "Inauma ulimi?" Ikiuma hata kidogo, au ikiwa na kaharufu ka chachu, alimwaga yote chini ya migomba na kuanza upya, hata kama ni Ijumaa na jua linakaribia kuzama na Sabato kuingia.

Sikuwahi kumcheka kwa hilo. Baba alikufa kwa chang'aa nikiwa darasa la saba. Tulimkuta asubuhi kwenye mtaro kando ya mashamba ya majani chai, suruali imelowa, mkono mmoja umekunjwa chini ya kifua. Mdogo wake, baba mdogo wangu, alikuwa mwenzake wa kunywa, na baada ya mazishi aliendelea pale walipoachia. Mama hakumwacha. Kwa miaka mingi alimfuata kwenye vibanda vya pombe akiwa amebeba chakula kwenye bakuli, akiaibishwa na walevi, mpaka siku moja baba mdogo akaacha. Siku alipobatizwa upya mtoni mama alilia kuliko alivyolia tukimzika baba.

Mimi nilionja divai ya kweli nikiwa na miaka thelathini na minne, Jumapili saa nane mchana, nyumbani kwa mwanamke tuliyefanya kazi naye katika ofisi moja ya bima mjini. Yeye ni Mkatoliki wa upande wa Nyakoe, na kwake chupa husimama mezani karibu na chumvi bila kuona haya. Alinimiminia nyekundu. Niliitema kwenye kikombe cha chai.

"Hii imeharibika," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe Msabato wewe! Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Hebu weka tena kwa mdomo. Na usimeze haraka hivyo, hii si dawa ya minyoo."

Ilinichukua karibu mwaka mzima. Mwanzoni nilikunywa kwa adabu tu, nikikunja uso, nikijiuliza watu wenye akili zao wanatafuta nini humo. Kisha Jumapili moja, tukila mbuzi wa kuchoma, niliacha kupambana nayo nikaiacha itulie mdomoni, na nikaitambua. Ulikuwa ukakasi wa jani bichi la chai, lile tulilotafuna utotoni tukichuma, mpaka fizi zikajikunja. Nilimwambia mwenyeji wangu, akapiga meza kwa furaha. Tangu siku hiyo alininunulia za aina mbalimbali. Nilijifunza kunusa kwanza, kusubiri, kumeza kidogo, na kusubiri tena kuona kitakachobaki. Nilijifunza kwamba nyeupe iliyopoa inakubaliana na uchungu wa mboga ya chinsaga kuliko maji, na kwamba ile tamu ya bei ya chini humchosha mtu kabla glasi haijaisha.

Kilichonishangaza ni kwamba ulimi wangu ulikuwa umekwisha kufunzwa zamani. Kila alama ambayo mama alinionyesha kuwa ni ubaya, ule uchachu, ule mchomo mdogo kwenye ncha, ile harufu ya tunda lililolala, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta sasa. Na niliifurahia, sisemi uongo. Glasi mbili kila Jumapili, sikuzidisha hata siku moja. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mshahara wangu, lakini mama alipokuja kunitembelea nilificha chupa ndani ya sanduku la nguo na kulifunga kwa kufuli. Moyoni nilijiambia kwamba mimi si kama baba. Watu wa kwetu hunywa ili waanguke, mimi naonja. Nilijiona bora kuliko wao, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Mwaka wa sita wa Jumapili zangu, mama aliugua homa iliyomlaza wiki tatu. Alipoinuka, pua na ulimi havikuinuka naye. Hakukubali. Mboga zake zikawa chumvi tupu, maziwa yaliungua jikoni naye ameketi hapo hapo akichambua maharagwe, na nilipomwambia ampe mtu mwingine kazi ya divai, alinikata jicho. "Kazi hiyo ndiyo iliyonisimamisha baba yako alipoondoka," alisema. "Unataka nibaki na nini?"

Robo hiyo alichemsha zabibu Jumanne, kwa kuogopa kwamba Ijumaa nguvu zitamwishia. Aliyatia yale maji kwenye jerikeni alilokuwa akiwekea uji wa chachu, akaliweka karibu na jiko lisipate baridi. Hayo niliyajua baadaye, nilipoliona jerikeni lenyewe na kulinusa.

Sabato ile nilikuwa nimekwenda nyumbani. Tulioshana miguu, kama ilivyo desturi kabla ya Meza, tukarudi kuketi, wanawake upande wetu na wanaume upande wao. Vikombe vidogo vikapitishwa. Changu nilikijua kabla hakijafika puani. Kingoni palikuwa na vipovu vidogo vidogo. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama kando ya meza na gauni lake jeupe, mikono imeshikana mbele, amenyooka kama zamani.

Mzee wa kanisa alikuwa bado anasoma. Upande wa wanaume baba mdogo aliinua kikombe, akakinusa. Alikiweka juu ya benchi kikiwa kimejaa, akatoka nje. Kila mtu aliona. Mzee akamaliza kusoma, tukaambiwa tunywe. Nikanywa. Ilikuwa changa na ya kukwaruza, lakini ilikuwa divai, na nilijua hata ilikuwa imechacha kwa siku ngapi.

Nje, baba mdogo alimsubiri mama mlangoni. "Shemeji, umenipa pombe," alisema mbele ya watu. Miaka tisa hakuwa ameigusa.

Kilichobaki kilikuwa kimekwisha kumwagwa, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo hapakuwa na cha kuonja. Wengi wa waumini hawakujua kitu. Waliojua walinyamaza, kwa sababu angeulizwa kila mmoja amejulia wapi. Kesho yake baraza la kanisa likakaa, nasi tukaitwa. Baba mdogo alirudia neno lake bila kupandisha sauti. Mama hakumkasirikia, alionekana kumwonea huruma tu.

"Muulizeni binti yangu," alisema. "Nilimfunza mwenyewe kuonja. Ulimi wake ni safi, haujawahi kuguswa na pombe."

Wote wakanigeukia. Baba mdogo pia, na uso wake ulijaa matumaini. "Sema, mwanangu," aliniambia.

Niliitazama mikono ya mama. Kama ningesema kweli, mjane wa mlevi angekuwa amelinywesha kanisa pombe, na kazi yake ingeishia hapo. Baada ya hapo wangeniuliza mimi nimejuaje. Ningependa kusema kwamba nilimfikiria mama peke yake. Sikumfikiria mama peke yake.

"Ilikuwa maji ya zabibu," nilisema. "Tamu, kama siku zote."

Mzee wa kanisa alimwambia baba mdogo, kwa upole kabisa, kwamba tamaa ya zamani humdanganya mtu hata pua. Nilitarajia abishe. Ningefurahi kama angebisha, kama angenipigia kelele. Aliinamisha kichwa tu.

"Basi ni mimi," alisema. "Miaka tisa, na bado naisikia mahali isipokuwepo. Basi sikupona."

Mama alimshika mkono akamwambia wataomba pamoja. Mwezi haukuisha kabla baba mdogo hajarudi vibandani.

Nilichelewa hadi mwezi wa tatu baada ya baraza ndipo nikapiga moyo konde, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumwambia. Ilikuwa adhuhuri. Nilimkuta ameketi juu ya gunia nyuma ya nyumba yake, shati halina vifungo, macho mekundu. Nilipiga magoti mbele yake.

"Baba mdogo, ile ilikuwa imechacha. Pua yako haikukosea."

Aliinua kichwa. "Wewe umejuaje?"

"Nakunywa divai. Huu ni mwaka wa sita."

"Ulijua pale pale? Kwenye baraza?"

"Nilijua."

Alisugua magoti yake kwa viganja. Hakukasirika. "Ungeniambia siku ile jioni," alisema, "ningelala vizuri. Sasa unaniletea mimi niifanyie nini? Nenda ukamwambie mama yako."

Nilienda. Nilimkuta mama jikoni, naye alifurahi kuniona siku ya kazi, akanitengea kiti. Aliniambia kwamba ameanza kufunga kila Jumatano kwa ajili ya shemeji yake. Halafu, akijikaza, alikiri kwamba ladha inamsumbua kidogo siku hizi, na akaniomba niwe nikija kila robo kumwonjea kabla hajapeleka kanisani. Nilimjibu kwamba nitakuja. Sikusema lingine. Nikawa naenda Ijumaa, nachukua kijiko, nasema iko sawa, na ilikuwa sawa kweli kwa kuwa jerikeni nilikuwa nimelitupa. Jumapili nilirudi kwa rafiki yangu wa Nyakoe na kunywa glasi zangu mbili. Sitajisingizia kwamba zilikuwa chungu. Zilikuwa nzuri, na nilizidi kujua kutofautisha moja na nyingine.

Baba mdogo alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua nyingi. Ini, walisema hospitalini. Tulimzika Alhamisi, karibu na kaburi la baba, udongo ukitushika viatuni. Nilisimama nikimshikia mama mwavuli. Alipopewa nafasi ya kusema alisema maneno machache. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema aliyeshindwa na adui mmoja. Alisema kwamba shemeji yake huyo aliwahi kumwaibisha mbele ya Meza ya Bwana kwa jambo lisilokuwa kweli, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliweka moyoni, na leo, mbele ya mashahidi, anamsamehe.

Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia.