Fundi Asiyekata Sketi ya Shule

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilimaliza, sikuacha. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nitawaongelea walioacha na sitaki kuchanganywa nao.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ni mwanamke tunayemwita Pima Tena. Hata ukiwa na haraka ya msiba atakupima, atatikisa kichwa, kisha atakupima tena. Namjua tangu anatambaa. Aliacha shule kidato cha tatu mama yake alipougua, akakalia cherehani ya mama, na hajainuka hadi leo. Chumba chake kina mlango mmoja, pasi nzito ya mkaa, na kamba ya sare za shule za kila rangi.

Kuna kazi moja anayoikataa. Ukimpelekea sketi ya binti aliyeacha shule, ukitaka iwe mfuko au aproni, anaigeuza na kutazama upindo. Akikuta kitambaa bado kimekunjwa humo ndani, anakurudishia. "Hii haijaisha," anasema. Wateja wamemnunia, wengine wamemhama. Nilitamani sana kujua ukaidi ule umetoka wapi, lakini kila nikimchokonoa, anajaza pini mdomoni.

Jibu lilikuja kupitia kwa mjukuu wangu. Naye alikuwa kidato cha tatu, hakanyagi tena shule, amepata kazi ya kuosha watu nywele saluni. Nyumbani tulishasema hadi mate yakatukauka. Alipotaka sketi yake iwe aproni, nilifuatana naye. Nilijua fundi atakataa. Nilichoomba ni akatae vizuri, mtoto arudi darasani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete." Akaigeuza. Upindo ulikuwa mpana kama kiganja. "Uliacha lini?"

"Mwezi uliopita."

"Hapo ndipo ulipojulikana. Nauliza ulianza lini."

Mjukuu akanitazama. Nikajitia natafuta kifungo kwenye kopo la vifungo.

"Nilipougua jino," akasema. "Niliporudi, wenzangu walishasonga mbele. Mwalimu wa hesabu akanisimamisha, sikujua jibu, wakacheka. Basi siku za hesabu nikawa siendi. Halafu hata siku nyingine nikaona aibu, wataniuliza jana nilikuwa wapi."

"Kumbe uliacha hesabu. Shule ikafuata yenyewe."

"Si ni yale yale?"

"Si yale yale hata kidogo! Wote wanaoniletea sketi nawauliza. Sijaona aliyeamka asubuhi akaacha. Kuna aliyeanza na kiatu kilichotoboka, kuna ambaye rafiki yake alihama. Wewe ni jino!"

Tukacheka. Hata mwenye jino alibana midomo asicheke, kisha akakasirika.

"Na wewe je, shangazi? Bibi ameniambia mama yako alipona. Mbona hukurudi?"

Nilitamani kuingia ndani ya lile kopo. Pima Tena akachukua pini, akaifikisha mdomoni, akairudisha mezani.

"Hilo hajawahi kuniuliza mtu," akasema polepole. "Alipopona, nilikuwa nimerefuka. Sketi imenipanda magotini na upindo wote umeshashushwa. Nikaona haya kuomba nyingine, wakati dawa ndio kwanza zimetumalizia pesa. Ni sketi tu, mwanangu. Sketi."

Mjukuu wangu alikuwa anaushikashika ule upindo.

"Basi usiikate," akasema. "Ishushe."

Pima Tena akampima. Akatikisa kichwa, akampima tena.

Jumatatu mjukuu wangu akaenda shule. Alama ya kunjo la zamani ilionekana wazi; chini yake kitambaa hakijapauka, kama sketi imeungwa na mpya. Jioni nilimsubiri pale pale kwa fundi, nikisumbua vifungo vya watu.

"Hesabu je?" nikamdaka mlangoni.

"Nimesimamishwa tena, Bibi."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama. Nikasema hapa sijui, naomba unieleze. Wakacheka weee, wakachoka. Mwalimu akanieleza. Nusu nimeelewa, kesho nitauliza hiyo nusu nyingine."

Pima Tena alikuwa amezungusha utepe kiunoni mwake mwenyewe, anasoma namba.

"Lile darasa la watu wazima pale shuleni kwenu," akamwuliza mwishowe, "wanavaa sare?"

"Hawavai, shangazi."

"Afadhali," akasema, na akajipima tena.