Kigoda cha Munyiva Nyuma ya Pazia

Mimi hukodisha viti, mapazia na mavazi ya maigizo. Duka langu liko River Road, ghorofani, juu ya mtu anayeuza misumari. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba habari za Shem Mwololo sikuzipata kwa kupenda michezo. Vitu vyangu vilikuwa jukwaani mwake, na mtu huenda kuangalia vitu vyake.

Shem alizaliwa Kangemi, mtoto wa fundi wa mabomba aliyetoka Machakos. Aliigiza kwanza kanisani, Krismasi, wakampa Herode. Watoto walilia, basi akapewa Herode kila mwaka mpaka akaoa. Mchana alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini. Mwaka 2000, serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Wenzake walichukua malipo yao wakanunua ng'ombe, au nusu ya matatu na shemeji. Shem alinunua taa za jukwaa.

Akaja kwangu kutafuta pazia jeusi. Akaona lina kitundu, akataka nimpunguzie. Nikamwambia alitundike kitundu kikiwa juu, ajiambie ni nyota. Mkewe, Munyiva, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba, akacheka, akalichukua kwa bei yangu. Tangu hapo nilifanya biashara na Munyiva. Shem hakujua kununua kitu.

Waliishi katika nyumba ndogo nyuma ya ghorofa moja Kileleshwa. Jumamosi walitoa makochi nje, wakafanya mazoezi sebuleni, na kundi likaitwa hivyo hivyo, Kundi la Sebule. Jirani alipokuja kulalamikia kelele, Munyiva alimpa nafasi ya polisi katika mchezo. Hakulalamika tena. Alikuwa polisi kwa miaka.

Sasa, kasoro ya Shem. Alikuwa na uso, alikuwa na sauti, akitembea jukwaani unamwangalia yeye tu hata kama mwingine ndiye anasema. Lakini hakuwa na kumbukumbu. Sebuleni alijua kila kitu. Taa zikiwaka, maneno yanamtoka kichwani kama maji kwenye karai lililotoboka. Kundi lote lilijua, watazamaji hawakujua, kwa sababu ya Munyiva.

Munyiva alikuwa opareta wa simu katika kampuni moja mjini. Siku nzima vifaa vya masikioni, anaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Kazi ile ilimfundisha kupeleka sauti kwenye sikio moja, aliyekaa kando asisikie. Mchezo ukianza, aliketi juu ya kigoda nyuma ya pazia la kushoto, mchezo ulioandikwa umefunguliwa magotini. Shem akikwama, Munyiva aligonga mguu wa kigoda kwa ukucha, mara moja, tok, ili ageuze sikio. Kisha akampa neno la kwanza. Neno la kwanza tu, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ukimpa mwigizaji mstari mzima, alisema Munyiva, unamfanya kasuku.

Ukikaa mbele hukuona kitu. Ulimwona mwanaume mkubwa amenyamaza, amegeuza shingo kidogo kama anayefikiri, kisha anasema jambo linalokukata.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Makundi ya mjini yalibadilisha mchezo kila baada ya wiki mbili, na kila mwigizaji alikariri hadi kwenye foleni ya benki. Wa Sebule waliona mkubwa wao anaegemea kigoda, nao wakaegemea. Mgeni akijiunga na kuogopa, aliambiwa asijali, mama yuko. Nilimwuliza Shem itakuwaje Munyiva akipata homa. Akaniambia Munyiva hapati homa.

Hakupata homa. Agosti 2004 alianguka kazini, vifaa vya simu vikiwa bado kichwani. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika Machakos. Shem hakulia. Mchungaji alipomwita aseme mawili matatu, akasimama kando ya kaburi, akafungua mdomo, akanyamaza. Akageuza shingo kushoto, kidogo tu. Akangoja. Wazee wa ukoo walidhani ni uchungu. Sisi tuliokuwa tumefanya kazi naye tulijua anachongoja, na hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake. Mwishowe mchungaji akaanzisha wimbo.

Shem alirudi jukwaani mwaka ule ule, mapema kuliko ilivyofaa. Sikumlaumu. Angekula nini? Kigoda kilipewa Nyawira, binti wa mwuza viazi wa Wangige, kwa sababu wengine walikataa kukikalia. Nyawira alikuwa na kichwa kizuri. Akisoma mchezo mara chache anao wote, wa kila mtu. Ila alikuwa mfupi, na Shem alimpa sehemu za mayaya tu.

Mchezo wa kwanza baada ya msiba ulikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja mjini. Shem alikuwa mzee wa nyumba, amevaa koti langu kubwa la kijeshi nililopata mitumbani Gikomba. Katikati akakwama. Nyawira akampa neno. Shem hakulichukua. Nyawira akalirudia, safari hii hata mimi wa mstari wa mbele nililisikia. Shem amesimama tu, shingo imegeuka. Kisha nikasikia, tok. Shem akaendelea na mstari wake kama kawaida.

Baadaye Nyawira alinifuata nilikokuwa nakunja mapazia. Hakuwa na rangi usoni.

"Mama Kibe, mimi sijagonga hiyo kitu."

Nikamwambia ni mbao. Kigoda ni cha zamani, kimewekwa karibu na taa, mbao ikipata joto inalia. Mimi nakodisha viti, naijua mbao. Akaniangalia, akasema sawa. Kutoka siku hiyo alikaa pembeni ya kigoda, chini sakafuni, kikiwa kitupu kando yake.

Mwandishi mmoja wa gazeti akasifu kimya cha Shem Mwololo, akasema mjini hapa hakuna anayejua kunyamaza kama yeye. Watu wakaja kuona kimya. Nami nikapandisha bei ya mapazia. Lakini kimya kile kilikua. Kila mchezo kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha mchezo uliotangulia, na ile tok ilichelewa zaidi. Waigizaji wenzake walisimama jukwaani wameshika vikombe vya chai ya uongo, jasho likiwatoka, wakingoja marehemu aamue. Mwingine alianza kuja na maji ya kanisa katika chupa ya soda. Jamaa wa nyuma ukumbini wakachoka. "Mzee amekatiwa stima," mmoja akasema, na safu nzima ikacheka. Shem hakugeuka. Alikuwa amegeukia upande mwingine.

Nilimpeleka kunywa chai tukaongea. Nilimwuliza kama hasikii Nyawira.

"Namsikia vizuri," akasema. "Ananipa neno lenyewe, na ni sawa. Lakini nikilichukua, Mama Kibe, basi Munyiva hayupo."

"Hayupo, Shem."

"Wewe hukai upande ule."

Nikalipa chai.

Kufikia mwisho wa 2005 ukumbi wa mjini ulikuwa umetukataa. Waigizaji wawili walikuwa wamekwenda kusoma matangazo ya redio, na polisi wetu wa Kileleshwa alisema mkewe haoni tena maana. Ikabaki nafasi moja. Jaswant, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye tulijuana River Road tangu tukiwa wote tunauza barabarani, alikuwa amefungua ukumbi mdogo juu ya maduka katika mtaa wa Karen. Mkewe Tara alitaka michezo ya Kiswahili, majirani wake wapate cha kufanya Jumapili. Jaswant alikuwa tayari kuwapa Sebule ukumbi mwaka mzima. Ila kwanza aone mchezo mmoja.

"Mimi nataka ianze, iishe, watu waende kukula," aliniambia. "Nasikia huyu mzee wako analala kwa stage."

Nilimwambia halali. Nikampelekea Shem habari, nikamweleza wazi: Jumapili ile ikiharibika, hakuna Sebule tena, na Nyawira na wenzake wanarudi kuuza viazi. Akasema ameelewa. Nilimwamini nusu.

Kwa hiyo Jumamosi nilifanya nilichoona kinafaa. Kuna kanisa Kawangware lilikuwa linanunua mabenchi yangu ya zamani. Nikapakia kigoda cha Munyiva pamoja nayo, kikaenda. Nyuma ya pazia la Karen nikaweka kiti cha plastiki, kipya, cheupe, kisicho na mbao ya kulia.

Shem alifika Jumapili, akakiona. Alipitisha kiganja juu ya mgongo wa kile kiti, polepole, akaenda kuvaa koti.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ukumbi ulijaa. Jaswant na Tara walikaa mbele, mimi kando yao. Mchezo ulikuwa ule ule wa mzee wa nyumba, ambaye watoto wake wanataka auze shamba, naye anakataa mpaka watu wacheke na kukasirika. Ulikwenda vizuri. Jaswant alicheka mara kadhaa. Kisha mzee akasimama kuwaambia watoto uamuzi wake, na Shem akanyamaza.

Nyawira akatoa neno. Nililisikia. Shem aligeuza shingo kushoto. Tukangoja. Mtu alikohoa. Jaswant alinitazama, nami nikatazama mbele kama mtu anayejua kinachofuata. Nyawira akatoa neno tena. Hakukuwa na tok. Nilikuwa nimehakikisha haitakuwapo, na nikwambie kweli, nilikaa pale nikiingoja kuliko mtu yeyote.

Shem akangoja mpaka watu wakaanza kusogeza miguu. Kisha akalitazama pazia, na kwa sauti yake mwenyewe, si ya mzee wa nyumba, akasema:

"Munyiva, nimesahau."

Hakulisema kwa nguvu. Ukumbi ulilisikia wote. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema neno hilo jukwaani wala chini yake. Hakujibiwa. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepigiwa simu ikakatika, akavua lile koti, akaenda nalo nyuma ya pazia.

Waigizaji walibaki na vikombe vyao. Pazia likatikisika. Akatoka Nyawira, amevaa koti la kijeshi, limemfika kwenye visigino, mikono imepotea ndani. Watu wachache wakacheka. Akafika pale Shem aliposimama, akawageukia wale watoto wa mchezo, akaanza mstari pale pale ulipoachwa. Hakubadilisha hata neno. Alikuwa mzee wa nyumba, mfupi, mwenye sauti ya msichana, na kicheko kikafa chenyewe. Alipofika kwenye uamuzi alikwama kidogo, mara ya kwanza maishani mwake nadhani. Kutoka nyuma ya pazia likaja neno moja, la kwanza tu, kwa sauti ya Shem. Nyawira akalichukua.

Ulipoisha, watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Jaswant aliinama kwangu.

"Hiyo ya koti iko kwa mchezo?"

"Iko," nikamwambia. "Ndiyo maana bei yake si ya kawaida."

Akacheka. Tulipatana kabla chai haijapoa, na Sebule ikapata kwake.

Shem hakupanda jukwaani tena. Nyawira alichukua nafasi zake moja baada ya nyingine, na kundi likakariri maneno yake, kwa sababu yeye aliwakaripia. Shem alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia la kushoto, miwani puani, na wenzake walisema hakupata kuwa na raha vile. Aliandika michezo minne pale Karen. Hata mwaka ule mbaya wa 2008, wa ghasia za uchaguzi, watu walipoogopa kutoka nyumbani, alifika kila Jumapili, akakaa mahali pake hata kama ukumbi ulikuwa na watu wa kuhesabika.

Lingine ni hili, na ningeliacha kama si kwamba Nyawira mwenyewe anaweza kulisema. Siku moja aliniambia kwamba akikwama, kabla Shem hajampa neno, anasikia kitu. Kidogo, kikavu. Mara moja.

Nilikwenda kukaa nyuma ya pazia mchezo mzima, upande ule. Niliangalia mikono ya Shem. Yote miwili ilishika karatasi. Kiti ni cha plastiki, nilikinunua mwenyewe. Nyawira alikwama karibu na mwisho, na nikasikia tok, na Shem, bila kuinua macho, akatabasamu kama mtu aliyetanguliwa kusema alichotaka kusema, kisha akatoa neno.

Wiki iliyofuata nilipita Kawangware kanisani. Kigoda kipo, kimewekwa karibu na madhabahu, mwangalizi hukikalia akibadilisha maua. Nilimwuliza kama kinalia. Akaniambia hapana, mama, ni kitu imara sana, kwani unataka kukinunua tena?

Nilimwuliza bei. Akataja kubwa. Kwa kawaida ningebishana.