Mama Mushi kastaafu, ila leo asubuhi kaingia kazini

Kuna mtu anasoma grupu letu la kwenye mfumo wa ofisi, lile tusilomweka bosi; kila tunachoandika humo kinamfikia.

Mie ndo nasimamia akaunti za wafanyakazi. Leo nikaandika amri kwenye ile skrini nyeusi, inioneshe walioingia asubuhi.

Mama Mushi. Saa mbili kamili.

Mama Mushi alishastaafu, ila akaunti yake bado imo kwenye grupu. Nikampigia huko Goba.

"Shikamoo mama. Bado unaingiaga kwenye mfumo wetu?"

"Marahaba. Mwanangu, mie nafuga kuku. Hata paswedi nilishaisahau."

Haya. Nikaandika mstari mmoja, nikaifunga akaunti yake. Sikumwambia mtu.

Dakika tano hazijaisha, bosi huyo mezani kwangu.

"Nani kamfungia Mama Mushi?"

Nyie mngemjibu nini? Mie nimemwamkia, "Shikamoo Mama Mushi," kwa mara ya pili leo.