Mama Amemtetea Oksijeni

Leo nimegombezwa na mama yangu kwa ajili ya Oksijeni.

Mimi ni mwalimu wa kemia, jamani. Nilikuwa sebuleni nikimfundisha mpwa wangu Rukia kusawazisha mlinganyo wa maji:

H₂ + O₂ → H₂O

Saa nzima, Rukia haoni kosa.

Mama akapita na sinia la mahamri, akachungulia daftari.

"Huyu Oksijeni kaleta mbili, mwamrudishia moja? Sahani ya watu hairudishwi na pungufu ya ilichokuja nacho!"

"Mama, hizi ni atomu."

"Hata kama! Ongezeni maji."

Rukia akaandika 2 mbele ya maji.

"Sasa Haidrojeni kaleta mbili, apokea nne? Hana haya! Alete mbili nyengine."

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Wallahi, imesawazika.

Rukia akanitazama kama mimi ndiye sikusoma.

Mama naye akafungua kabati, akatoa sahani ya jirani yetu Bi Zuhura, iliyokuja na vibibi, vile vitumbua bapa vya mchele, tangu Idi na haijarudishwa.

"Mwalimu, na hii isawazishe."

Sasa niko mlangoni kwa Bi Zuhura na mahamri sita. Kaitazama sahani, kanitazama mimi.

"Vibibi vilikuwa kumi, sivyo?"

Aliye karibu na Mji wa Kale aniletee mahamri manne. Mbio!