Wageni wa Mzazi

Jambo la kwanza ambalo mtu aliliona kwa Dorkasi ni vidole vyake. Utomvu wa chai ulikuwa umevitia weusi usiotoka kwa sabuni. Hata Jumapili kanisani, akiwa na gauni lililopigwa pasi vizuri, vidole vilikuwa vyeusi juu ya kitabu cha nyimbo. Hakuvificha.

Alichuma chai katika shamba moja la Wazungu upande wa Bumbuli, miaka miwili kabla ya Uhuru. Alikuwa mjane, akiishi na wanawe katika kambi ya shamba, na aliyefukuzwa kazi alifukuzwa kambini siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kaka yake Samsoni alipotoka Tanga na habari za chama cha wafanyakazi, Dorkasi alifunga mlango kwanza.

"Wengi wenu mkikubali, chama kitamleta mtu wake," Samsoni alisema. "Ila meneja asisikie mapema."

Mikutano ilikatazwa kambini. Wakikaa watatu tu, nyapara Nikodemo hutokea. "Kuna nini hapa? Mnagawana nyama?"

Lakini nyumba moja Nikodemo hakuthubutu kuikaribia: nyumba ya mzazi. Mwanamke akijifungua, majirani wenzake humpelekea kuni, maji na unga wa uji, na mwanamume mwenye adabu hupita mbali. Basi mchumaji mwenzake Rahabu alipojifungua, Dorkasi alimpelekea kuni, na humo ndani, mtoto akinyonya, akazungumza na waliokuja. Chama kingedai kikapu kipimwe mbele ya mchumaji mwenyewe. Kingedai mgonjwa asifukuzwe. Kila siku walikuja wengine, wakasikiliza, wakakubali.

"Rahabu, kuni zako zitatosha mpaka mtoto aoe," bibi Efrazia alitania.

"Basi zaa na wewe, bibi, nikurudishie."

"Mimi? Nitazaa mvi!"

Walisahau jambo moja: desturi ile humfungulia mlango kila mwanamke. Alasiri moja, Dorkasi akiwa katikati ya maneno, hodi ikapigwa. Alikuwa Yunis, mke wa Nikodemo, na mzigo wa kuni kichwani. Kumrudisha aliyekuja kumwona mzazi ni kumtukana. Akakaribishwa, akakaa, akampakata mtoto.

"Mbona mmemeza ndimi? Nimesikia tangu nje."

Akilini Dorkasi aliwaona wanawe wamefukuzwa, wako barabarani na vyombo vyao vichwani. Angeweza kudanganya, lakini Yunis angeondoka na habari ile ile, na hasira juu yake.

"Kama umesikia nusu, mama Fanueli, sikia yote."

Akamweleza yote, polepole. Yunis alimtazama mtoto muda wote.

"Na mwenye mimba?" aliuliza mwishoni. "Nilichuma hapa kabla hamjaja. Mimba yangu ya kwanza iliharibikia kwenye mistari ya chai, na jioni kikapu changu kikapimwa kama vya wengine."

Efrazia alimshika bega.

"Tutalisema na hilo," Dorkasi alijibu.

Yunis alimrudisha mtoto kwa mama yake. "Bwana wangu akiniuliza nilichokiona huku, nitamwambia mtoto kafanana na baba yake."

"Kafanana kweli?" Efrazia aliuliza.

"Hata kidogo!"

"We Yunis!" Rahabu alipiga kelele kitandani, na nyumba nzima ikacheka.

Asubuhi Dorkasi alisimama mbele ya Nikodemo, roho mkononi. "Shikamoo, bwana nyapara."

"Marahaba. Mstari wako ule wa juu. Na usichelewe."

Ni hilo tu. Wiki ile Dorkasi alimpelekea Samsoni neno kwamba wengi wamekubali, na jibu likarudi: mtu wa chama atafika Jumamosi, na wao wawe tayari kusimama naye mbele ya meneja.

Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Dorkasi aliomba mstari wa ukingoni, unaotazama barabara ya kutoka Soni. Efrazia alichukua ule wa pili yake. Mbali kidogo, bila kikapu, Yunis alikuwa amesimama na kuni kichwani, ingawa wiki ile hakuna aliyejifungua. Mikono ilichuma, macho yalikuwa barabarani, na huko chini kwenye kona vumbi lilikuwa limeanza kupanda.