Dodoso Nililoagiza Lisomwe Barazani

Mjukuu wangu Zuhura, akihofia kufeli mtihani wa chuo kikuu wa upimaji wa kisaikolojia, aliniomba nijibu dodoso ili ajizoeze kufasiri majibu. Mimi, mtunza kumbukumbu mstaafu hapa Wete, nilithibitisha kwa wino kwamba sijapata kusema uongo, sijapata kukasirika, wala sijapata kumsengenya mtu. Kisha nikaagiza matokeo yasomwe barazani, mbele ya majirani.

“Babu, tusome ndani,” alinisihi.

“Taarifa rasmi haisomwi uvunguni,” nilifoka.

Akasoma kwa sauti ndogo: “Maswali haya huwanasa wanaojisafisha. Mhusika amenaswa katika yote matatu.”

Mzee Hamadi, jirani yangu, akacheka. “Umeshafaulu, mjukuu wangu. Sisi tumekaa naye miaka thelathini ndipo tukayajua hayo.”